Mizinga Thelathini na Minne ya Bibi Semeni

NYIE, MAJI YAPO! Ni Oktoba, jua la Tabora linachoma mpaka kandambili zinalainika, na chemchemi yetu ya Visimani INATOA MAJI, na bibi yangu amechorewa alama yake kwenye zege pale pale juu ya chemchemi, Jumamosi iliyopita, mbele ya kijiji kizima! Nimelia. Nimepiga picha arobaini na moja, thelathini zina kidole changu, sijali!

Sasa wengi mmeona zile picha mkaniuliza, mbona hakuna jina? Mbona kuna mistari mitatu tu, miwili imesimama na mmoja umelala juu yake, kama mlango usio na nyumba? Ndiyo maana nimekaa niandike. Ila someni mpaka chini, msiruke, maana mkiruka hamtaelewa kwa nini bibi alipopewa kipaza sauti aliuliza swali moja tu, watu wote wakacheka, mimi nikashindwa.

Bibi yangu anaitwa Semeni binti Luhende. Kitu cha kwanza mjue: hawezi kukaa. Chai anakunywa amesimama. Ukimletea kiti anakitumia kuwekea kikombe. Ukiongea naye, macho yake yako kule juu mgongoni, kile kilima kirefu nyuma ya kijiji, kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Na Jumatatu ndiyo usiseme kabisa. Jumatatu asubuhi ameshavaa viatu vyake vya plastiki, fimbo mkononi, daftari kwenye mfuko, anapanda mgongo. Awe na homa, iwe mvua, iwe sikukuu. Mwaka huu Idi iliangukia Jumatatu, pilau likapoa, tunamsubiri yeye.

Mama akamwambia, "Mama, si upumzike leo tu."

Bibi akajibu, "Nikipumzika, akija je?"

Akija nani? Mimi miaka yote nilidhani ana mgeni wake. Nimejua juzi.

Haya. Turudi nyuma mpaka sabini na nne.

Visimani ni jina la zamani sana, la kwenye njia ya misafara. Wapagazi wakitoka pwani na mizigo kichwani kwenda Ujiji, walikuwa wakipita hapa wanashusha, wanakunywa, wanalala, kesho wanaendelea Tabora mjini. Kwa hiyo maji yetu yamenyweka muda mrefu. Lakini mpaka mwaka huo wa sabini na nne hapa palikuwa na nyumba thelathini tu. Watu walikaa mbalimbali, kila mtu na mji wake porini. Ndipo ikaja operesheni ya vijiji. Agosti ile, watu walihamishwa kutoka kila upande wakawekwa Visimani, nyumba zikawa mia tatu na kitu, zimepangwa kwa mstari, mnaishi kijamaa, mnalima tumbaku pamoja.

Bibi alikuwa na miaka kumi na tisa. Mama yake alishafariki. Alikuwa na baba yake tu, mzee Luhende, mfuga nyuki aliyejifunzia kazi misitu ya Ipole. Huyu mzee, mwaka mmoja kabla, alikuwa juu ya mti analina asali, tawi likakatika. Nyonga ikavunjika, haikuunga vizuri. Kwa hiyo siku ya kuhama alibebwa kitandani, wanaume wanne, kila mmoja mguu wake wa kitanda, njia ya masaa sita. Bibi anasema baba yake alipiga kelele njia nzima mpaka sauti ikaisha, na sauti ilipoisha ndiyo ikawa mbaya zaidi.

Walipofika, akamwambia Semeni, "Mimi sibebwi tena. Atakayenibeba tena anibebe kwenda kuzikwa."

Sasa shikeni hapo, maana mambo yote yanaanzia hapo.

Nyumba mia tatu zinakunywa chemchemi ya nyumba thelathini! Mwezi wa kumi mwaka ule ule maji yakabaki tope. Akaja bwana wa wilaya, mrefu, suti ya mikono mifupi, kalamu tatu mfukoni. Akakusanya watu. Akasema serikali haiwezi kuweka zahanati na shule mahali pasipo na maji. Akasema, "Mwakani mwezi wa kumi na moja nitarudi. Maji yakiwa hayatoshi, kijiji hiki kinahamia barabarani upande wa Igunga."

Igunga! Kwa gari ni mbali, sembuse kitandani. Semeni akamwangalia baba yake amelazwa mlangoni anasikia kila neno. Mzee akageukia ukuta.

Hapo ndipo miguu ya bibi yangu ilipoanza kuwasha. Haijaacha mpaka leo.

Mwezi uliofuata akaja mtu wa misitu, Bwana Miti ndivyo walivyokuwa wakiitwa, jina lake Raymundi. Alikuja na baiskeli, suruali ameibana na kibanio cha nguo ili isiingie kwenye mnyororo. Yeye hakuhutubia. Alisema anataka kutembea, nani anakwenda naye? Wakaenda saba. Wakapanda mgongo mpaka kule juu kabisa maji ya mvua yanakogawanyika, wakashuka na bonde mpaka lambo la ng'ombe kule chini. Siku nzima. Njiani anawaonyesha: mvua ikinyesha kwenye miti inanyweka, ardhi inaitunza, inaitoa polepole chini pale kwenye chemchemi. Mgongo ukiwa mtupu, maji yanakimbia yote siku moja, yanaondoka na udongo, basi.

Wale saba waliotembea wakawa Kamati ya Bonde. Semeni akawa katibu kwa sababu mbili, alikuwa amemaliza darasa la saba, na yeye peke yake hakuwa amechoka. Raymundi akawachongea kijiti cha mninga chenye alama sita, kati ya alama na alama vidole vinne, wakakichomeka katikati ya kidimbwi cha chemchemi. Kila Jumatatu Semeni atembee bonde lote, asome kijiti, aandike kwenye daftari. Daftari lenyewe la jalada gumu alilitoa Badrudin, yule mwenye duka mjini Tabora aliyekuwa akinunua nta ya mzee Luhende. Alama ya kwanza, ile ya chini, ni tope. Alama ya pili ndiyo ile aliyoiweka bwana wa wilaya baadaye, alipopelekewa habari za kijiti: maji yakiwa chini ya hapo mwezi wa kumi na moja, mnahama.

Na kamati ikaweka sheria moja. Mgongoni hakatwi mti. Atakayeua mti mmoja, apande kumi na kuitunza mpaka ishike, na jina lake lisomwe mkutanoni.

Mnadhani watu walitii? Thubutu!

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ndugu Yoramu. Hakuwa mtu mbaya, bibi mwenyewe anasema hivyo. Alikuwa na haraka tu. Kijiji kipya, tumbaku imestawi ajabu, na tumbaku ya Tabora lazima ikaushwe kwa moto kwenye bani, yale majengo marefu ya udongo. Bani linakula kuni! Wiki nzima moto hauzimwi. Februari ya sabini na tano tumbaku imeiva, majani yanaanza kuharibika, mabani kumi na mawili yanataka kuni, na mgongo uko hapo hapo mlangoni.

Semeni akamwendea. "Shikamoo, ndugu Mwenyekiti. Kamati imekataza mgongoni."

"Marahaba, Katibu Miguu. Kamati ya kuangalia maji! Mmeyaangalia, yameongezeka?"

Watu pale wakacheka mpaka basi.

"Kuna miti upande wa magharibi," Semeni akasema, "kule mashamba mapya yanakofyekwa."

"Trekta linanywa mafuta, mwanangu. Tumbaku haisubiri. Tukate huku mwaka huu, mwakani tutaona."

"Mwakani tutakuwa Igunga."

Yoramu akajifanya anatafuta kofia.

Jumatatu ile alikuta visiki tisa mgongoni. Jumatatu ya pili, ishirini na viwili. Akaandika. Akarudi nyumbani, hakuweza kukaa, anazunguka nyumba, anaingia anatoka. Mzee Luhende kitandani akachoka, akamwita mayu, yaani mama kwa Kinyamwezi, kama baba anavyomwita bintiye.

"Mayu, unanitia kizunguzungu. Kaa."

"Baba, wanakata. Hawasikii kamati, hawasikii Bwana Miti. Watasikia nini?"

Mzee akafikiri. Akasema, "Mimi nimekaa porini toka sina ndevu. Nimeona watu wameibiana wake, wameibiana ng'ombe. Sijaona mtu amekata mti wenye mzinga wa mwenzake."

Aisee! Bibi akisimulia hapa sauti inabadilika kabisa. Alisimama. Yaani alikuwa amesimama tayari, lakini anasema alisimama.

Kwa Wanyamwezi wakati ule, mzinga ukishatundikwa, ule mti umeshikwa. Kila mfuga nyuki na alama yake amechonga ubavuni mwa mzinga, watu wanazijua kama wanavyojua sura. Ya mzee Luhende ilikuwa ile mistari mitatu, kama mlango. Mzinga uwe na nyuki, usiwe na nyuki, huugusi.

"Baba, nifundishe kutengeneza."

"Mwanamke hatundiki mizinga."

"Basi wewe panda utundike."

Mzee akacheka. Mara ya kwanza toka wahame! Akamfundisha pale pale kitandani, kwa mikono. Mzinga wa gome: unazungusha panga juu, unazungusha chini, unapasua katikati, unalibandua gome zima kama unavua koti, halafu unalikunja unashona kwa kamba, unaziba huku na huku. Masika gome linatoka lenyewe, mti una maji mengi. Mtu mwepesi anatengeneza mitano kwa siku.

Semeni akamchukua rafiki yake Bimdogo, msichana mwenye mdomo mrefu kuliko njia ya Igunga, wakaingia kazini. Wanabandua, wanashona, Semeni anachonga mlango wa baba yake, anajifunga kanga miguuni kama suruali, anapanda. Bimdogo chini anashika kamba na kuchekesha.

"We Semeni, ukiolewa utazaa nyuki!"

"Afadhali. Watafanya kazi."

Wanawake kisimani wakamsema wiki nzima. Mwanamke juu ya mti, jamani! Mmoja akasema ameona mpaka magoti. Semeni akajibu, "Umeona magoti, hujaona visiki?"

Kwa wiki mbili walitundika mizinga thelathini na minne, kuanzia juu kabisa mpaka karibu na chemchemi. Mstari mzima.

Siku ya trekta kuja kubeba kuni ikafika. Trela tupu, wakataji sita, mkubwa wao Anton, mtu wa mabega, baba yake naye alikuwa mfuga nyuki. Yoramu mwenyewe amekuja kusimamia. Anton akachagua mti, akainua shoka, akaangalia juu. Akalishusha.

"Kata, bwana!" Yoramu akapiga kelele.

"Mti wa mtu huu, ndugu Mwenyekiti."

"Mtu gani? Miti yote ya kijiji sasa."

"Mti wa kijiji, sawa. Mzinga wa Luhende. Nikikata mti, mzinga ubaki hewani?"

Wenzake wakaanza kukohoa. Yoramu akaenda mti wa pili, mzinga. Wa tatu, mzinga. Akahesabu mpaka akachoka.

"Hii ina nyuki au ni maonyesho?"

"Gonga wewe ujue," Anton akasema.

Yoramu hakugonga! Trekta likaenda magharibi, likanywa mafuta yake. Na mgongo ukapumua.

Bibi anasema wiki ile alilala. Wiki moja. Mizinga kumi na mmoja ikaingia nyuki kweli, mzee Luhende akaletewa kipande cha sega akalia.

Mngependa hadithi iishe hapo, ee? Hata mimi. Lakini subirini.

Mwezi wa tisa, kabla ya mvua, miti ya kwetu inavaa majani mapya. Mnaijua ile, pori linakuwa jekundu kama linawaka, halafu polepole linageuka kijani. Jumatatu ya tarehe kumi na tano, Semeni anashuka mgongo, kila kitu chekundu, anafurahi, anakaribia chemchemi. Akasimama.

Pale pale juu ya maji palikuwa na miti haijavaa kitu. Mikavu. Alijaribu tawi, likakatika kama kiberiti. Akahesabu kumi na saba. Na kila mmoja kiunoni alikuwa uchi, gome limevuliwa kama koti.

Yeye. Ni yeye aliyeivua! Yeye na Bimdogo, kwa panga lao, walibandua pale kwa sababu ndipo palikuwa karibu na kivuli na maji ya kunywa.

Alikimbia mpaka nyumbani. "Baba, gome la mzinga hubanduliwa mti gani?"

"Mti ulioanguka. Au unaokwenda kuangushwa shambani. Kila mtu anajua."

Halafu mzee akamwangalia vizuri. "Ulibandua wapi, mayu?"

"Chemchemi."

Mzee alitazama paa muda mrefu. "Ningekuwa na mtoto wa kiume angejua bila kuambiwa, angekuwa ametembea na mimi porini. Wewe nilikufundisha namna ya kubandua. Pa kubandua sikukwambia. Kosa hili tumelifanya wawili."

"Lakini panga nilishika mimi."

Sasa jamani, hakuna aliyejua. Alhamisi ile Yoramu akaitisha mkutano wa kijiji. Amesimama anasema, "Mmeona? Kamati inalinda, na miti inakufa kwenye chemchemi yenyewe! Ni warina asali wa kupita, nani atawashika? Kamati hii haina maana. Nasema miti mikavu tuichukue, na mgongo tuufungue, tukate kwa utaratibu."

Watu wanaitikia kwa kichwa. Bimdogo anamkanyaga Semeni mguu, nyamaza, nyamaza, nyamaza. Wangenyamaza, warina asali wa kupita wangebeba lawama, wapo wapi, hawajulikani! Lakini mgongo ungefunguliwa. Na akisema, sheria ile ile aliyoiandika kwa mkono wake inamwangukia yeye, na jina lake ndilo jina la mzee pale kitandani.

Bibi anasema hakuamua. Miguu ilisimama yenyewe.

"Ni mimi," akasema. "Nilitengeneza mizinga kwa magome ya pale. Sikujua kuwa mti unakufa. Ni miti kumi na saba. Nimejiandika." Akafungua daftari akasoma, kwa sauti ya katibu kabisa: "Semeni binti Luhende, miti kumi na saba, atapanda mia moja na sabini."

Halafu Bimdogo naye akasimama. "Na mimi nilishika gome. Tugawane hiyo mia moja na sabini, mimi nina mikono mifupi."

Watu wakacheka, lakini siyo kile kicheko cha kwanza. Anton akasimama akasema na yeye mwezi wa pili alikata miti kadhaa mgongoni kabla ya mizinga, aandikwe. Mwingine akasema ng'ombe wake wanakunywa kwenye chemchemi yenyewe badala ya lambo. Mwingine anafyatua tofali pale. Semeni anaandika mpaka mkono unauma. Kama katibu mwenyewe amejisoma, nani mkubwa wa kukataa kusomwa? Yoramu aliangalia, akaangalia, mwishoni akavua kofia. "Haya, niandike na mimi. Shamba langu la mboga liko pale pale kwenye maji." Hakuna aliyekuwa akijua!

Kuanzia Jumatatu iliyofuata, tarehe ishirini na mbili, ng'ombe wote wakashushwa lambo. Tofali zikahamishwa. Watu wakachimba mashimo ya miche mgongoni wakisubiri mvua, wakapanga mawe kwa mstari kukinga maji yasikimbie. Yoramu akiwa na jembe, analalamika mgongo unauma, Bimdogo anamwuliza, "Mgongo upi, wako au wa kijiji?"

Lakini maji yalikuwa yameshashuka sana. Siku ile ya tarehe ishirini na mbili kijiti kilikuwa vidole viwili tu juu ya alama ya pili. Oktoba ikapita. Hakuna wingu. Semeni akawa haendi Jumatatu tu, anakwenda kila siku, siku nyingine mara tatu, kama vile akiyatazama hayatashuka. Hakula. Mzee Luhende akawa anauliza kitu kimoja tu: "Vidole vingapi?"

Tarehe kumi na saba Novemba, Jumatatu, gari la wilaya likasikika linakuja. Semeni alikuwa peke yake kwenye chemchemi. Akasoma kijiti. Kidole kimoja CHINI ya alama ya pili.

Kidole kimoja, jamani!

Na kile kijiti kimechomekwa kwenye tope tu. Ukikisukuma kidogo kwenda chini, alama zinashuka, maji yanaonekana yamepanda. Kusukuma mara moja tu. Hakuna mtu. Bibi aliniambia alishaingia majini, mkono uko kwenye kijiti. Anasema kilikuwa cha baridi. Akakumbuka sauti yake mwenyewe mkutanoni, inasoma jina lake. Akautoa mkono. Akatoka, akasimama pembeni kanga imelowa mpaka mapajani.

Bwana wa wilaya akafika, na Raymundi nyuma yake, na Yoramu, na nusu ya kijiji. Akainama akaangalia.

"Mko chini ya mstari."

"Ndiyo," Semeni akasema. "Kwa kidole kimoja."

"Nilisema nini mwaka jana?"

Semeni akampa daftari, hakuwa na kitu kingine cha kumpa. Yule bwana akafungua. Jumatatu, Jumatatu, Jumatatu, karibu mwaka mzima. Akasoma kosa la Semeni. Akamtazama. Akaendelea. Akatoa kalamu moja kati ya zile tatu, akaanza kuhesabu pembeni.

"Mpaka katikati ya Septemba mlikuwa mnapoteza kidole kila wiki," akasema. "Baada ya hapo, wiki nane, vidole vitatu tu. Mlifanya nini?"

Kila mtu akaongea kwa pamoja, ng'ombe, tofali, bustani ya Mwenyekiti. Yoramu akakohoa.

"Mngeendelea kama zamani," yule bwana akasema, "leo ningekuta mmepita hata ile ya chini kabisa. Ningekuta tope." Akaangalia juu mgongoni, mizinga imejipanga. "Kwa mwendo huu maji yanawafikisha mwezi wa kwanza, na mvua haichelewi hivyo." Akafunga daftari. "Siwahamishi. Nawapa mwaka mmoja. Mwakani nitakuja kuangalia tena, tutaona."

Semeni alikimbia nyumbani na kanga mbichi. Mzee akauliza, "Vidole vingapi?" Akamwambia, "Kimoja chini, na tunabaki." Mzee akavuta shuka usoni akakaa hivyo mpaka jioni.

Mvua ilikuja siku ya tisa. Ile miche mia moja na sabini ilipandwa yote, themanini na kitu ikashika, ndiyo kile kivuli mlichokiona kwenye picha zangu. Mzee Luhende alikufa sabini na nane, nyumbani kwake, akabebwa mara ile moja aliyoisema.

Na kamati haijafa. Imebadilishwa majina kama mara nne, siku hizi ni jumuiya ya watumia maji, ina mhuri, lakini ni watu saba na wanatembea Jumatatu. Vijiji jirani vimechimba visima virefu vikakauka wanakuja kuchota kwetu. Ndiyo maana wakaamua kujenga lile zege, na walipomwuliza bibi aandikwe vipi, akasema wachore alama ya baba.

Sasa lile swali lake. Walimpa kipaza sauti, ameshika kwa mikono miwili, amesimama bila shaka, akaangaza angaza watu wote, viongozi, wageni, akauliza:

"Yule bwana wa wilaya amekuja?"

Watu wakacheka, wakadhani bibi anamtania mkuu wa wilaya wa sasa. Mimi nikamwangalia usoni. Hakuwa anatania. Maana yule bwana alisema mwaka mmoja, tutaona. Na hakurudi. Labda alihamishwa, labda alisahau, labda alikufa. Hakuna mtu aliyewahi kuja kumwambia bibi kwamba mwaka ule umeisha na Visimani haihami. Miaka hamsini anasubiri gari lisikike.

Jumapili nikamwambia, "Bibi, si wamekuchorea zege? Imeisha hiyo."

"Zege halina maneno ya yule bwana."

Jana Jumatatu nikaenda naye. Sijawahi kuchoka hivyo maishani! Tulipofika akanisogeza mbele, nisome mimi. Alama ya tatu kasoro kidole. Akanipa kalamu, nikaandika. Mwandiko wangu mbaya, akasema utanyooka. Halafu akageuka kuangalia barabara.

Kwa hiyo naomba kitu kimoja. Yule bwana alikuwa mrefu, suti ya mikono mifupi, kalamu tatu mfukoni, alikuja Visimani Novemba ya sabini na tano. Ana watoto mahali, ana wajukuu. Naomba mtumie mwenzako hii, naye amtumie mwenzake, mpaka imfikie mmoja wao, aje amwambie bibi.